Fundi Hupanda Nyuma

Tangu niache kazi, watu watatu wamekuja nyumbani kuniuliza habari za zamani, na kila mmoja alikuja na jibu lake mfukoni. Wanataka niseme kwamba safari ndefu za pikipiki kubwa hapa Lubumbashi zilianzishwa na watu majasiri. Mmoja wao alisema wa kwanza kufika Kasenga ni mjomba wake. Mjomba wake namfahamu. Pikipiki alikuwa nayo, tena nzuri, lakini alifika nayo Karavia tu, ile hoteli ya hapa hapa mjini, na huko alifika kila Jumapili.

Kwa hiyo naandika mwenyewe, kwa ajili yenu mliobaki gereji, wewe Godelive na wenzako. Mambo ya cheo na mshahara nayaacha. Anayetaka kuyajua atazame viatu vyangu. Nitaandika jinsi safari zilivyoanza, kwa nini fundi wa gereji yetu hupanda nyuma ya pikipiki aliyoitengeneza, na habari ya Jumapili moja ambayo mimi sikupanda. Hiyo ya mwisho hakuna hata mmoja wenu anayeijua. Mke wangu, Mama Anto, aliijua baada ya miaka miwili. Padri aliijua mapema zaidi, lakini kazi yake ni kunyamaza.

Nilikuja kwa Papa Kabwe nikiwa mtu mzima, baba wa watoto wawili. Baba yangu alikuwa mtu wa reli, aliyetoka Kabalo na kuletwa mjini na kazi hiyo. Mimi nami nilianzia kwenye karakana ya reli, mpaka kazi ikapungua na tukawa tunaenda kila asubuhi kusalimiana tu. Papa Kabwe alikuwa fundi wa breki huko huko. Aliondoka kabla yangu, akafungua gereji ya pikipiki nyuma ya nyumba yake, Kampemba, upande wa soko. Paa lilikuwa mabati sita na ukuta ulikuwa mmoja. Pande tatu zilizobaki zilikuwa majirani.

Siku ya kwanza sikupewa spana. Papa Kabwe alinikalisha kwenye kreti la bia, akaanza kuniuliza kama mwalimu wa katekisimu.

"Prosper, kule kwa reli, wagon yenye kumalizika kutengenezwa tulikuwaka tunaiandika nini?"

"Rond ya chaki, Papa."

"Na fundi wa frein, yeye alikuwaka anaenda wapi?"

"Anapanda na locomotive, safari ya kwanza."

"Njo vile hapa. Haina ingine."

Nilidhani anatania. Mchana huo huo nilikaza mnyororo wa pikipiki ya manseba mmoja, yaani dereva wa pikipiki ya kukodi, nikachora duara langu la chaki kwenye matigadi ya nyuma, nikajifuta mikono. Papa Kabwe akaniambia nipande. Manseba akanizungusha sokoni katikati ya mikokoteni, akavuka reli bila kupunguza mwendo, na hapo kwenye reli ndipo nilipokumbuka nati moja ambayo sikumaliza kuikaza. Tuliporudi nilishuka, nikafuta duara, nikaanza upya. Papa Kabwe alinitazama tu. Alikuwa anakula karanga.

Tangu siku hiyo sikuhitaji kuelezwa faida ya desturi ile. Dereva huisikia pikipiki kwa mikono. Anayekaa nyuma huisikia kwa makalio, na makalio yake yako karibu zaidi na gurudumu la nyuma, ambako matatizo mengi huanzia. Tena fundi anayejua kwamba atapanda hukaza nati kwa namna nyingine kabisa.

Wakati huo pikipiki kubwa mjini zilikuwa chache, na zote zilikuwa za kuonekana. Mtu aliiosha Jumamosi, akaenda nayo Karavia Jumapili, akaiegesha mahali ambapo wanywaji wote wataiona, akarudi. Njia ndefu zilikuwa za malori. Aliyesema anaenda Likasi kwa pikipiki aliulizwa kama ameibiwa gari.

Kisha akaja Maître Mukendi. Alikuwa mwanasheria, mtoto wa watu wa Kasai aliyezaliwa papa hapa Kampemba, mwenye maneno mengi na kitambi cha kiasi. Alikuwa ameinunua pikipiki ya mzungu mmoja, injinia wa mgodi aliyekuwa anarudi kwao. Hatukuwahi kuona ya namna ile: silinda nne, kioo kirefu mbele cha kukinga upepo, kiti kipana cha watu wawili, na masanduku mawili magumu ubavuni. Papa Kabwe aliizunguka moto hiyo, maana pikipiki sisi huiita moto, mara mbili bila kuigusa.

"Hii hawakuitengeneza juu ya kwenda kunywa bière," alisema. "Hii iko moto ya kwenda mbali."

"Mbali fasi gani, Papa?" Mukendi akauliza.

"Mi sijue. Uiulize yeye."

Miezi mingi Mukendi hakuiuliza. Alibeba mafaili ya mahakama ndani ya yale masanduku, kutoka nyumbani hadi mjini na kurudi. Kilichomtoa mjini hakikuwa ujasiri, bali samaki. Mama mkwe wake aliishi Kasenga, kwenye mto Luapula, na mkewe alikuwa amemwambia mara nyingi kwamba samaki tunaowala Lubumbashi wamechoka kama abiria. Lami ilikuwa imeshafika Kasomeno, kwenye njia ya kwenda huko. Asubuhi moja akaja gereji na wazo lake.

"Prosper, mi nataka kula samaki kwa mama mukwe saa sita, na magaribi nikuwe kwangu. Itawezekana?"

Nilishughulika na pikipiki ile siku tatu. Nilibadilisha mafuta, mnyororo, breki na matairi yote mawili, nikachora duara. Nilikuwa bado najipangusa unga wa chaki vidoleni nilipokumbuka maana yake. Jioni nilimweleza Mama Anto.

"Weye, njo utaenda kukufia nyuma ya avocat?" akaniuliza.

Nilimjibu kwamba tukifa pamoja, angalau kesi itakuwa na wakili. Hakucheka, na kusema kweli hata mimi sikucheka.

Hiyo ndiyo safari ya kwanza, na mashujaa wake ni hawa: mwanasheria mwenye njaa na fundi aliyefumba macho mpaka nje ya mji. Nilipoyafumbua niliona miombo inapita pande zote mbili, na magunia ya makaa yamesimama kando ya barabara. Pikipiki ilikuwa inaguruma sauti moja tu, isiyobadilika, kama mtu anayesali rozari. Kasomeno walituzunguka. Mama mmoja muuza mihogo aliuliza kama sisi ni polisi. Baada ya Kasomeno ikawa vumbi jekundu, tukaenda kwa mwendo wa bibi arusi, lakini saa sita na nusu tulikuwa mezani kwa mama mkwe. Samaki alikuwa kama mke wa Mukendi alivyosema. Magharibi tulikuwa nyumbani, wekundu kuanzia nyusi hadi soksi. Kesho yake Mukendi alitetea kesi zake zote akiwa amesimama, kwa sababu kukaa hakuweza, na watu wakasifu moto aliokuwa nao.

Baada ya hapo wengine walianza kuja. Alikuja fundi umeme wa mgodini anayeitwa Delphin, akaja mwenye duka la dawa, akaja mwalimu mkuu mmoja aliyeificha pikipiki yake wanafunzi wasiione. Wote walisema wanataka kuonja samaki. Baadaye niligundua kwamba wawili kati yao hata samaki hawali. Walitaka ile sauti moja isiyobadilika, na kuwa mbali na nyumbani kwa saa chache bila mtu kuwaita.

Somo letu la kwanza gumu lilikuwa mizigo. Kwetu mtu hasafiri peke yake. Husafiri na commission, yaani mizigo ya kuagizwa, za waliobaki, na za wale anaowakuta. Safari ya tatu Mukendi alirudi na samaki wakavu kwenye masanduku yote mawili, unga wa muhogo juu ya kiti, na kuku wawili hai mbele ya tumbo lake. Mimi nilirudi kwa lori, kwa sababu nafasi yangu ilikuwa imechukuliwa na unga. Fremu ya nyuma ikapasuka. Mtu aliyeweza kubishana na jaji saa nzima hakuweza kumwambia mama mkwe kwamba inatosha. Tulichomelea, tukaweka kanuni ambayo bado ipo ukutani: sanduku la ubavuni ulinyanyue kwa mkono mmoja huku ukiendelea kuzungumza. Ukinyamaza, punguza.

Sasa nafika kwenye ile Jumapili.

Walikuwa sita, na kwa mara ya kwanza walikuwa wanaenda wote pamoja, Kasenga na kurudi. Familia zilitaka Padri abariki pikipiki baada ya Misa, mbele ya kanisa. Kwaya ilibaki. Wake walivaa vitenge vya sare. Ilikuwa kama harusi ya watu sita na vyuma.

Pikipiki ya Mukendi ndiyo iliyotoka gereji mwisho, Jumamosi jioni, na mimi ndiye niliyeitengeneza. Nilikuwa nimebadilisha tairi la nyuma. Zile gololi za ndani ya gurudumu, ambazo sisi tunaziita roulement, zilikuwa zimechakaa, na mpya sikupata. Niliziosha, nikazijaza grisi, nikazirudisha. Mnajua grisi mpya ilivyo: huficha ubaya kwa usiku mmoja. Jumamosi gurudumu lilikaa kimya. Jumapili, baada ya Mukendi kuiendesha pikipiki kutoka kwake hadi kanisani, nikaisimamisha kwenye stendi yake, nikashika tairi juu na chini, nikatikisa. Nikasikia tik. Ndogo sana. Nikatikisa tena. Tik. Gurudumu lilikuwa na mchezo, au jeu kama tunavyosema gereji, yaani limelegea, na mchezo wa asubuhi huwa mchezo mkubwa kabla ya saa sita.

Nilikuwa na chaki mkononi. Padri alikuwa ameshatoka na ndoo ya maji ya baraka, kwaya imeanza. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Hawakusema ufanye nini baraka ikifika kabla yako. Mukendi alikuwa ananitazama akitabasamu, na mkewe, na watu mia moja nyuma yao. Ilinipasa kusema neno moja: bado. Nilijaribu kulitafuta kinywani, sikulipata. Nikachora duara.

Mkono wangu uliposhuka, miguu yangu ikakataa. Kupanda nisingeweza, kwa kuwa nilijua. Nikamwendea Papa Kabwe, nikamwambia kwa sauti ya huzuni, "Papa, leo siwezi kuenda. Niko na kilio."

Kwetu kilio hakina swali. Mtu akisema ana msiba, hata bosi wake humwachia njia. Nililijua hilo nilipolisema. Papa Kabwe alinitazama, akatazama gurudumu, akachukua kofia ngumu mikononi mwangu, akapanda nyuma ya Mukendi kwa shida, maana alikuwa ameshapita miaka sitini. Padri akawarushia maji. Wakaondoka, na watu wakapiga vigelegele, na mimi nikapiga makofi.

Baadaye sikujua niende wapi. Nyumbani Mama Anto angeniuliza maswali. Nikaona afadhali uongo wangu niufanye ukweli, nikaenda kwenye kilio. Nyuma ya soko palikuwa na msiba wa mzee mmoja muuza mbao ambaye nilikuwa namjua kwa kofia tu. Nikakaa kwenye benchi pamoja na wanaume wa ukoo. Kila lori likinguruma barabarani, niligeuka kutazama. Nikaanza kulia, na nilipoanza sikuweza kuacha. Nililia kuliko watoto wa marehemu. Mama mmoja wa familia akaniletea bukari, yaani ugali, na makayabo, samaki wa chumvi, kabla ya wajomba kupewa, akaniuliza kwa upole, "Baba, marehemu alikuwaka nani yako?"

"Alinisaidia sana," nikasema. Mpaka siku hiyo hakuwahi kunisaidia kitu. Siku hiyo alinisaidia.

Saa kumi Delphin, yule fundi umeme, aliingia pale na pikipiki yake hadi karibu na mabenchi. Papa Kabwe alikuwa amewaambia wote kwamba niko kilioni, na karibu na soko siku hiyo palikuwa na kilio kimoja tu, kwa hiyo alijua pa kunipata. Njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikufika hata Kasomeno.

"Prosper, kuya," akasema.

"Bamekufa?"

"Apana. Lakini kuya."

Kwenye mlango wa mji, lori la makaa lilikuwa limesimama. Pikipiki ya Mukendi ilikuwa imelazwa juu ya magunia, na gurudumu la nyuma limekaa upande kama jino linalotaka kung'oka. Mukendi alikuwa amechubuka kuanzia kiwiko hadi bega. Papa Kabwe alikuwa amekaa juu ya gunia, mweusi kabisa, mkono wa kulia umefungwa kwa vipande viwili vya fito na tai ya mwanasheria. Roulement ilikuwa imevunjika kabla ya Kasomeno, pikipiki ikayumba, ikaingia majanini. Delphin aliniambia kwamba hawakufa kwa sababu walikuwa wanaenda polepole, polepole mno, hata wenzao waliwacheka njia nzima.

Papa Kabwe aliniangalia kutoka juu ya gunia lake.

"Kilio ilikuwa namna gani?"

"Muzuri, Papa," nikasema. Katika maisha yangu sijatoa jibu baya kuliko hilo.

Kifundo cha mkono wake kiliunga vibaya. Hakikuweza tena kuzungusha spana, na chaki ilimdondoka vidoleni. Ndivyo nilivyokuwa mkuu wa gereji. Sasa mnaelewa kwa nini mambo ya vyeo nayaacha.

Wiki tatu nilienda kwake kila jioni kumpa habari za kazi, na kila jioni nilirudi na neno langu kooni. Jumamosi ya mwisho wa mwezi nikamkuta peke yake, plasta imeondolewa, anajaribu kumenya chungwa kwa mkono wa kushoto. Nikalichukua chungwa, nikalimenya, nikasema nikiwa nimeinama.

"Papa, siku ile ya ile Jumapili, mi nilijua. Gurudumu ilikuwa na jeu. Nilisikia."

"Nayua."

"Unajua namna gani?"

"Ulitikisa mara mbili. Muntu mwenye kuwa sûr, mwenye hakika, anatikisaka mara moja."

Chungwa lilinidondoka. Nikamuuliza basi kwa nini alipanda, na hapo nilitarajia jibu la hekima, lile ambalo mtu huliandika ukutani. Hakunipa.

"Niliona haya, Prosper. Haya tu. Padri iko pale, bantu yote iko pale, rond ya garage yangu iko kwa moto. Ningesema nini? Nikamuambia Mukendi aende polepole juu mugongo inaniuma. Mugongo haikuwa inaniuma. Weye ulikuwa na kilio yako, mi nilikuwa na mugongo yangu." Akanyoosha ule mkono uliopinda, akautazama. "Sisi babili tulijua, na hakuna mwenye kufungua kinywa."

Nililia kwa mara ya pili mwezi huo, safari hii kwa ajili ya mtu niliyemjua. Alingoja nimalize. Kisha akaniambia niokote chungwa nikalioshe.

Mukendi nilimwambia Jumatatu, ofisini kwake, mbele ya mafaili yake. Alinisikiliza kama anavyowasikiliza mashahidi, kalamu mkononi. Aliuliza swali moja tu: "Ile kilio ilikuwa ya nani?"

"Ya muntu sikumujua, Maître."

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaacha kucheka, akanionyesha mlango. Hakukanyaga gereji kiangazi kizima. Mvua zilipoanza, gari dogo la mizigo lilisimama mbele yetu na pikipiki yake juu yake, bado ina tope la majanini. Alishuka, akasema hataki mtu mwingine aiguse, kwa sababu fundi ambaye yeye ameshaujua uongo wake ni mimi peke yangu. Sikujua kama ni sifa. Niliipokea hivyo hivyo.

Tulibadilisha mpangilio. Chaki kwanza, maji ya baraka baadaye. Na fundi akisema bado, haulizwi sababu, hata na mwenye pikipiki, hata na Padri. Sababu atazitoa Jumatatu. Papa Kabwe ndiye aliyeitamka kanuni hiyo mbele ya wote, mimi niliiandika. Alifariki miaka mingi baadaye, kwa ugonjwa wa wazee, na kwenye kilio chake nililia kiasi cha kawaida, maana machozi yangu niliyatanguliza.

Miaka iliyofuata ninyi wenyewe mnaijua kwa sehemu. Walifika Likasi na Kolwezi, wakavuka Kasumbalesa, wakashuka Zambia hadi wakaanza kulalamikia chakula. Pikipiki zikawa nyingi, vijana wakaanza kuvaa suti za ngozi zinazowachemsha kama sombe, kile kisamvu chetu. Mimi nilipanda nyuma kila nilipochora. Haut-Katanga yote nimeiona juu ya bega la mtu mwingine. Mnaobaki, shikeni haya machache: hewa ya matairi pimeni asubuhi kabla ya jua, mnyororo upakeni mafuta ukiwa na joto la safari, ukikaa nyuma usimwegemee dereva, na usimshauri. Mama Anto alisema watu wengine hustaafu na saa ya ukutani, mimi nitastaafu na kiuno. Alikosea kidogo. Nimestaafu na viuno viwili, maana kila upande unauma kivyake.

Linabaki moja. Godelive, ulipokuja kwetu kutoka kwenye kazi ya kuchomelea milango, nilikufundisha chaki na kiti cha nyuma, na kanuni ya bado nilikusomesha ukutani. Habari ya Jumapili ile sikukupa. Niliona haya, tena ile ile.

Jumapili yangu ya mwisho unaikumbuka kwa upande wako. Nisikilize kwa upande wangu. Pikipiki zilikuwa kumi na moja. Mukendi, ndevu zote nyeupe, alikuwa mbele, na pikipiki yake ndiyo iliyotoka mwisho, mikononi mwako. Padri mpya alikuwa na Misa nyingine saa tano, kwa hiyo alitangulia na ndoo bila kungoja chaki. Kwaya ikaanza. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yako, kofia ngumu mkononi, kwa kuwa mlikuwa mmeniomba nipande nyuma ya Mukendi badala yako, kama heshima ya kuniaga.

Uliinama, ukashika tairi juu na chini, ukatikisa. Kisha ukatikisa tena.

Mimi sikusikia kitu. Masikio yangu ni ya zamani na kwaya ilikuwa inaimba. Lakini niliona mara mbili. Nikaona chaki mkononi mwako, nikaona Mukendi anakutabasamia, na watu wote nyuma yake. Nilitaka kusema, sikusema. Godelive, nisamehe kwa hilo: baada ya miaka yote hiyo, kinywa changu kilijifunga tena. Nilijua tu kwamba safari hii ningepanda, liwe liwalo.

Ukasimama. Ukarudisha chaki mfukoni.

"Bado," ukasema.

"Bado nini?" Mukendi akauliza. "Padri alishaka kubariki!"

"Abariki tena kesho. Bado, Papa Mukendi."

Kwaya ikanyamaza mstari kwa mstari. Padri akatazama saa yake, akatafuta mahali pa kukaa. Mukendi akafungua kinywa, mwanasheria yule, akanitazama mimi, na nadhani tulikumbuka kilio kimoja. Akazima injini.

Wewe hukugeuka kunitafuta. Uliomba spana ya kumi na saba, ukapiga magoti kwenye kokoto na suruali yako ya Jumapili. Nikakuwekea kofia ngumu karibu na goti, nikaenda zangu nyumbani kwa miguu. Niliendelea kuja gereji mpaka Ijumaa, kwa ajili ya keki na hotuba. Lakini kazi niliiacha pale mbele ya kanisa.